Je, ikwalaiza inaweza kurekebisha spika zangu za studio?

SWALI: Fundi, shikamoo. Natengeneza biti chumbani kwangu Morogoro. Chumba ni futi kumi kwa kumi, kuta za tofali za saruji, dari ya jipsamu. Nina spika mbili za studio, Yamaha HS5, na nakaa katikati ya chumba. Nikimaliza wimbo nikaupeleka kwenye gari, besi ya chini inafunika kila kitu. Kwenye spika ndogo ya bluetooth, besi hiyohiyo haisikiki. Rafiki yangu alinishauri nirekebishe spika kwa ikwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu fulani za sauti, basi nikaweka ikwalaiza ya Parametric EQ 2 kwenye masta ya FL Studio, programu ninayotengenezea biti, na kupandisha 60 Hz kwa desibeli 9 ili niisikie besi. Sasa spika inakoroma na nyimbo zimezidi kuharibika. Je, ikwalaiza inafaa kwa kazi hii, au niziuze nichukue spika kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla sijagusa swali lenyewe, kuna jambo la kukagua leo hii. Ulipokuwa unatoa wimbo wa mwisho, ile ikwalaiza ya masta ilikuwa imezimwa? Maelezo yako yananifanya nidhani haikuzimwa. Kama ni hivyo, zile desibeli 9 hazikuishia kwenye spika zako. Zimechapwa ndani ya wimbo, na kila aliyeupokea anazisikia, awe na gari, sabufa ya sebuleni au redio ya bajaji. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini mambo yaliharibika zaidi baada ya marekebisho. Ikwalaiza ya kurekebisha spika ni ya masikio yako wewe uliyekaa kwenye kiti. Wimbo unaotoka nje haupaswi kuwa na alama yake hata kidogo.

Lakini tatizo lilikuwepo kabla ya hapo, na nadhani najua linatoka wapi, kwa sababu vipimo ulivyonipa vinajieleza vyenyewe.

Futi kumi ni mita 3.05. Katika joto la nyuzi 26, sauti husafiri takribani mita 347 kwa sekunde. Gawanya 347 kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 6.1, unapata 57. Kwenye 57 Hz nusu ya wimbi inaenea sawasawa kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Wimbi la namna hiyo linapogonga ukuta na kurudi, linajirundika juu yake lenyewe na kusimama mahali pamoja: kwenye kuta nguvu yake ni kubwa kabisa, na katikati ya chumba ni karibu na sifuri. Wewe umeweka kiti chako pale pale kwenye sifuri. Mara mbili ya masafa hayo ni 114 Hz, na hayo hufanya kinyume: katikati ya chumba ndipo yanapofika kileleni. Ongeza na dari. Kama iko mita 2.7 juu ya sakafu, nayo ina wimbi lake la 64 Hz na la mara mbili, karibu 128 Hz. Mtu aliyekaa kitini, masikio yakiwa kama mita 1.2 kutoka chini, hulisikia la 64 kwa shida sana na la 128 kwa nguvu nyingi.

Sasa jumlisha. Mahali ulipokaa, eneo la 57 hadi 64 Hz limezama na eneo la 110 hadi 130 Hz limevimba. Ukiwa hapo unaongeza besi ya chini kwa sababu huisikii, na unaikata ile ya juu yake kwa sababu inakusumbua. Wimbo unaotoka una chini nzito kupita kiasi na hauna mwili. Gari huwa linaongeza chini yake lenyewe, kwa kuwa ni kijisanduku kidogo kilichofungwa, kwa hiyo besi inafunika kila kitu. Spika ndogo ya bluetooth haiwezi kutoa 57 Hz. Inategemea kile cha 110 na kuendelea, ambacho wewe ulikikata. Ndiyo maana wimbo mmoja unakupa malalamiko mawili yanayoonekana kupingana.

Unaweza kulithibitisha hili bila kununua chochote. Zima ikwalaiza yote, fungua 3x Osc kwenye FL, kile chombo cha kutengeneza sauti, chagua wimbi la saini (sauti laini yenye masafa mamoja tu), kisha piga noti moja moja kutoka E ya 41 Hz kupanda hadi C ya 131 Hz, zote kwa nguvu ileile. A ya chini ni 55 Hz na A yenye krosi (A#) ni 58.3, natarajia hizo mbili zipotee ukiwa kitini, kisha A ya oktavu inayofuata, 110, na jirani yake wa 116.5 zikupigie kelele. Halafu acha noti ya 58 ikiendelea, simama, tembea mpaka kwenye ukuta wa nyuma na uweke sikio karibu nao. Besi uliyoikosa utaikuta imejaa pale, ikitoka kwenye spika zilezile ulizofikiria kuziuza.

Hapo ndipo swali lako la ikwalaiza linapopata jibu lake. Unapokaa mahali wimbi linapojifuta, sauti inayotoka kwenye spika na ile inayorudi kutoka ukutani zinafika sikioni zikiwa na nguvu karibu sawa, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta. Ukipandisha desibeli 9 umeipandisha ile ya kwanza, na kwa kuwa ya pili ni mwangwi wa ile ya kwanza, nayo imepanda desibeli 9. Zinaendelea kufutana kama mwanzo. Kilichobadilika ni kazi ya spika: desibeli 9 ni takribani mara nane ya nguvu ya umeme kwenye masafa hayo. HS5 ina amplifaya ya wati 45 kwa spika ya chini yenye upana wa inchi 5, na Yamaha wenyewe wanaandika kwamba inafika 54 Hz ikiwa tayari imeshuka desibeli 10. Unaidai pale ambapo haina akiba. Huko kukoroma unakosikia ni hewa inayopita kwa kasi kwenye tundu la nyuma pamoja na koni inayosukumwa kupita mwendo wake. Shusha leo, kabla hujaunguza kitu.

Vilele ni habari nyingine kabisa. Kile kivimbe cha 110 hadi 130 Hz kinatokana na nishati inayobaki chumbani ikizunguka, na ukipunguza kinachoingia, kinachozunguka kinapungua vilevile. Tena ikiwa kichujio chako kimekaa kwenye masafa yaleyale na kina upana uleule wa kivimbe, hata ule mvumo unaobaki baada ya noti kukoma unapungua, angalau pale ulipopima. Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo, ikwalaiza inafaa, mradi uitumie kukata kilichozidi. Kilichofutika hakirudishwi kwa kitasa. Kinarudi kwa kusogeza kiti, kusogeza spika, au kuweka kitu kizito kinachonyonya sauti. Na kazi hizo huja kwanza.

Anza na kiti, maana ni bure. Mafundi wengi huanzia asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwako ni kama mita 1.16. Sio namba ya muujiza, ni mahali pa kuanzia tu, lakini kwa chumba chako hesabu yake ni nzuri: 57 Hz inatoka kwenye sifuri na kurudi kusikika, na 114 Hz inashuka karibu desibeli 3 bila kugusa kitu kingine. Kutoka hapo sogea mbele na nyuma kidogo kidogo huku unapiga zile noti za saini, uchague mahali zinapokaribiana zaidi.

Chumba cha mraba kina ubaya wake, kwani upana nao unakupa wimbi la 57 Hz lilelile. Ila hapo ulinganifu unakuokoa. Ukiweka spika mbili kwa umbali sawa kutoka kuta za pembeni, na besi ikiwa ya mono, yaani ileile kwenye spika zote mbili, kama inavyotakiwa, spika ya kushoto na ya kulia zinalichochea wimbi hilo la upana kwa kupingana na halipati nguvu. Spika moja ikiwa kwenye kona na nyingine karibu na mlango, unapoteza faida hiyo. Kwa hiyo chukua futi ukapime, usikadirie kwa macho.

Spika zenyewe zisogeze karibu na ukuta wa mbele. Najua umewahi kusikia kinyume chake. Sauti ya besi hutoka spika kwenda pande zote, ikiwemo nyuma. Ile inayogonga ukuta wa nyuma ya spika hurudi na kuifuta ya mbele kwenye masafa ambayo umbali huo ni robo ya wimbi. Koni ikiwa mita 1 kutoka ukutani, shimo linaangukia kwenye 87 Hz, katikati ya besi na kiki (ngoma kubwa ya biti). Ikiwa sentimita 35, linahamia karibu 250 Hz, ambako paneli ya kawaida inaweza kulifanyia kazi. Tundu la HS5 liko nyuma, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja cha mkono kati ya sanduku na ukuta. Ukuta utaongeza besi kwa jumla, na hiyo ndiyo sababu Yamaha wameweka swichi ya ROOM CONTROL mgongoni: ina 0, desibeli 2 chini na desibeli 4 chini, na inashusha chini ya 500 Hz. Ianzishe kwenye -2. Hiyo nayo ni ikwalaiza ya spika, ile ya kwanza kabisa unayopaswa kuitumia, na watu wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu plagini hawajawahi hata kugeuza spika waione.

Kuta zako za tofali nazo zina neno. Mafunzo mengi ya mtandaoni yametoka Marekani, kwenye nyumba ambazo kuta ni mbao na bodi za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo unatikisika kidogo na kuimeza au kuivujisha besi. Wa tofali na plasta ya saruji hautikisiki. Karibu besi yote inarudi chumbani. Ndiyo maana vilele vya vyumba vyetu huwa vikali na vyembamba kuliko vya kwenye video unazotazama, na ndiyo maana usinakili namba za ikwalaiza za mtu wa Atlanta ukadhani zitakufaa. Kwa upande mwingine, dari yako ya jipsamu inakusaidia kidogo, na dirisha likiwa wazi linakusaidia zaidi ya unavyodhani. Jaribu noti ya 58 dirisha likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Trei za mayai ziache sokoni. Zinapunguza kidogo mng'aro wa juu, kwa hiyo chumba kinaonekana kimetulia huku besi ikiendelea na mambo yake. Robo ya wimbi la 57 Hz ni mita 1.5, hakuna karatasi wala sponji ya sentimita 5 inayoweza kuligusa. Kinachogusa ni unene. Rokwuli, ile pamba ngumu ya mawe inayouzwa kwa kazi za kuzuia joto, ikiwa na unene wa sentimita 10 na ikaachiwa sentimita 10 nyingine za hewa nyuma yake, inafanya kazi nzuri kwenye lile eneo la 110 hadi 130 na kwenda juu. Ifunge kwa kitenge au kitambaa chochote unachoweza kupuliza hewa ikapita. Pembe za chumba zijaze kutoka sakafu hadi dari kwa kitu kinene chenye vinyweleo. Kama rokwuli haipatikani, magodoro ya zamani ya sufi yaliyokunjwa na kusimamishwa pembeni si ya kudharauliwa. Na kitanda chako, kama kimo humo chumbani, usikitoe ili paonekane studio. Kisukume ukuta wa nyuma. Godoro ni paneli ambayo tayari umeilipia.

Baada ya hayo ndipo tunapima. Unahitaji maikrofoni ya kupimia, sio ile unayorekodia waimbaji. Maikrofoni ya kondensa ya kurekodia imetengenezwa makusudi ipendelee baadhi ya masafa. Behringer ECM8000 inachomekwa kwenye kadi ya sauti na inataka volti 48. UMIK-1 ya miniDSP inachomekwa kwenye USB moja kwa moja na huja na faili lake la usahihi, unalolipakua kwa namba ya maikrofoni yako. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu nyingi hukata besi kabla hata haijafika kwenye programu. Programu ya kupimia ni Room EQ Wizard, wengi huiita REW. Ni ya bure na sijaona sababu ya mwanzilishi kununua nyingine.

Zima feni na kiyoyozi, subiri mvua ipite kama paa ni la bati, kisha weka maikrofoni mahali kichwa chako kinapokaa wewe ukiwa umetoka kwenye kiti. Pima kushoto peke yake, kulia peke yake, halafu zote mbili. Kipimo kimoja cha sehemu moja kitakudanganya. Sogeza maikrofoni sentimita 15 kila upande, upime tena, kisha uiombe REW ikutolee wastani. Kilele kinachoonekana kwenye vipimo vyote ni cha kweli. Kinachotokea kimoja na kutoweka kwenye kingine kiache, maana hata wewe ukigeuza kichwa kitahama. Ukiona mstari umejaa meno kama msumeno, usiogope. Tumia ulainishaji wa sehemu ya 12 ya oktavu kwa besi, na wa sehemu ya 3 kwa kuangalia mwelekeo wa juu.

Vichujio sasa, yaani vile vitasa vya ikwalaiza vya kukata au kupandisha masafa fulani. Chini ya 300 Hz chagua vilele viwili au vitatu vikubwa, basi. Mathalani ukikuta kivimbe cha desibeli 8 kwenye 116 Hz, kikate kwa 5 au 6. Usikimalize chote, kukifuta kabisa kunaleta besi iliyokauka, na ukisogea kidogo utakuta shimo. Rekebisha upana mpaka umbo la kichujio lilale juu ya umbo la kilele, kwa sababu kichujio chembamba mno kinaacha mabega na kipana mno kinakula noti za jirani. Usipandishe kitu chochote chini ya 60 Hz kwenye HS5. Ukilazimika kupandisha mahali pengine, desibeli 2 au 3 kwa upana mkubwa, na ushushe sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho ili usigonge paa la dijitali. Tumia hali ya kawaida ya ikwalaiza. Ile ya fezi sawia (linear phase) unayoiona ikisifiwa kwa masta haina faida hapa: inakuletea ucheleweshaji, na inaongeza mlio mdogo kabla ya kila kiki.

Juu ya 300 Hz, au tuseme 250 kwa chumba cha ukubwa wako, mikono mifukoni. Huko chini chumba ndicho kinachotawala unachosikia. Huko juu spika yenyewe ndiyo inayotawala, na sikio lako lina uwezo mkubwa wa kutenganisha sauti iliyotoka moja kwa moja na mwangwi uliofuata. Maikrofoni haina uwezo huo. Inachanganya vyote na kukuchorea mstari unaokushawishi kurekebisha kitu ambacho spika haikukikosea. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wa spika kwa miaka mingi kwenye baraza la utafiti la Kanada na baadaye Harman, amelisisitiza hili mara nyingi: spika nzuri ndani ya chumba cha kawaida hupimika ikishuka polepole kadiri masafa yanavyopanda. Ukiulazimisha mstari ulale sawa mpaka 20 kHz utapata spika inayochoma masikio, kisha utatoa nyimbo zilizofifia. Kama HS5 zinakuzidia ukali, na kwa watu wengine zinazidi, kuna swichi ya HIGH TRIM yenye desibeli 2 kwenda chini. Inatosha.

Hilo la kutaka mstari ulionyooka kabisa ndilo linalonitia wasiwasi kwa vijana wengi. Yamaha NS-10, spika yenye koni nyeupe ambayo HS5 imerithi sura yake, ilitoka mwaka 1978 kama spika ya sebuleni. Haikuwa imenyooka hata kidogo. Katikati ilikuwa imejitokeza na chini ilikuwa haba. Mainjinia waliokerwa na ukali wake walibandika karatasi ya chooni mbele ya twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na huo ulikuwa ndio ikwalaiza yao. Ilibaki kwenye studio kubwa za dunia mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001 na hata baada ya hapo, kwa sababu ilikuwa sanduku lililofungwa, besi yake ikikoma mara noti inapokoma, na kwa sababu walioitumia walikuwa wameizoea kama sauti ya mama zao. Kuizoea spika ni sehemu ya kuirekebisha. Kila mara unapobadilisha vichujio unaanza kuzoea upya, kwa hiyo weka, hakiki, kisha uache mwezi mzima bila kugusa.

Programu zinazofanya yote kwa niaba yako, kama SoundID Reference ya Sonarworks au ARC ya IK Multimedia, ni nzuri, na Genelec wa Ufini wamekuwa na mfumo wao wa GLM ndani ya spika zao tangu 2006. Sizikatazi. Ila ukizitumia, ziwekee mpaka wa juu kwenye masafa kama zinakuruhusu, na uziangalie zinavyoshughulikia mashimo. Ukiona programu inasukuma desibeli 6 kwenda 57 Hz, inafanya kosa lilelile la rafiki yako, kwa mchoro unaopendeza zaidi.

Kuhusu mahali pa kuiweka ikwalaiza, kwa FL fanya hivi. Tengeneza chaneli moja ya mikisa iwe masta yako halisi: elekeza chaneli zote huko, na limita (kizuizi cha sauti isizidi kiwango) na kila kitu cha wimbo kiwe huko. Kisha chaneli hiyo ndiyo iende kwenye Master, na kwenye Master kubaki vichujio vya spika peke yake. Unapotoa wimbo, kwenye dirisha la kutolea zima chaguo la efekti za masta, uache zile za chaneli. Hivyo hata ukiwa na usingizi saa nane usiku hutachapa chumba chako ndani ya wimbo. Anayetumia Reaper, programu nyingine ya kurekodia, ana sehemu ya Monitoring FX, ambayo haiingii kwenye faili. Kwenye Windows ipo pia Equalizer APO, ya bure, inayokaa kwenye mfumo mzima ili hata muziki wa YouTube uusikie kwa spika zilizorekebishwa. Lakini ukitumia dreva ya ASIO ya kadi yako, ile inayoiunganisha programu na kadi moja kwa moja, sauti haipiti huko, na watu hukesha wakishangaa kwa nini vichujio havibadilishi kitu.

Ukishaweka, hakiki kwa sauti iliyolinganishwa. Vichujio vya kukata hushusha sauti ya jumla, na sikio hupenda chenye sauti kubwa, kwa hiyo ukiwasha na kuzima bila kusawazisha utadhani umeharibu. Pandisha kidogo upande uliokatwa mpaka zilingane. Sikiliza kwa kiwango cha mazungumzo yenye nguvu, karibu desibeli 75 kwenye mita, kisha kiwango hicho kiwe chako cha kila siku. Besi hubadilika sikioni kadiri unavyopandisha au kushusha sauti, na ukifanyia kazi viwango vitatu tofauti utapata besi tatu. Chagua nyimbo nne au tano za watu wengine unazojua zinapiga vizuri kwenye daladala, kwenye sabufa na kwenye simu, uzishushe zilingane na biti yako, usikilize mistari ya besi ikipanda na kushuka. Noti zikitembea bila moja kuruka au kuzama, umefika. Usitafute zaidi ya hapo. Kwa oktavu ya mwisho kabisa, ile ya chini ya 50 ambako mvumo wa amapiano hupenda kuteleza, tegemea hedifoni nzuri; zenyewe hazina chumba, na ikwalaiza inazirekebisha kirahisi kuliko spika yoyote.

Ulichouliza mwisho, kuhusu kubadilisha: usiziuze. HS8, kaka mkubwa wa HS5, kwenye chumba hicho na kiti hicho ingekupa shimo lilelile la 57 Hz pamoja na kivimbe kilekile cha 114, na majirani wapya wa kugombana nao. Pesa hiyo nunulia maikrofoni ya kupimia na rokwuli ya pembe mbili za nyuma. Na nyimbo ulizokwisha kuzitoa na zile desibeli 9, zirudie zote. Kabla ya kuzitoa upya zirekebishe besi kwanza ukiwa kwenye kiti kipya, kwa sababu hata maamuzi ya kukata 110 uliyafanya ukiwa mahali pabaya.